Dabo Kulia, Singo Kushoto

Nchi ninayoisimulia hapa haipo. Nimeitafuta kwenye ramani nikaikosa, kwa hiyo msomaji akiona kitu kinachofanana na kwao, ajue ni macho yake. Inaitwa Gombere. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi, na ina Mtukufu Mlezi, ambaye ndiye aliyeutunga huo wimbo na ndiye anayesifiwa ndani yake. Mimi ni raia mwema wa huko. Nilikuwa Afisa Shukrani wa Wilaya ya Kilimbazi, na itabidi nieleze kazi hiyo, maana nasikia nchi nyingine bado hazijaendelea kiasi cha kuwa nayo.

Kwingineko mtu hupewa kitu, kisha akashukuru. Gombere tuliona huo ni ucheleweshaji tu. Kwetu shukrani hutangulia. Wizara ikishaahidi jambo, Afisa Shukrani hukusanya wananchi, husoma hotuba ya kumshukuru Mtukufu Mlezi, bendi hupiga, redio hurusha moja kwa moja, na kuanzia hapo jambo lenyewe limekwisha kufanyika. Shukrani hairudi ofisini. Tulipomshukuru kwa maji ya bomba, ikawa ni kosa kuonekana mtoni na ndoo mchana. Mwaka wa ukame tulimshukuru kwa mvua, na wakulima wakaenda mashambani na miamvuli, wengine wakakunja na suruali. Sijapata kusikia shukrani iliyotenguliwa. Yeyote atakayesababisha Mtukufu Mlezi aonekane ameshukuriwa kwa jambo ambalo halikuwa, huyo hana kazi tena, na mara nyingine hana hata anwani.

Kumshukuru mtu mwingine asiyekuwa Mtukufu Mlezi hakukuwa kazi ya idara yangu. Kitu hicho hakikuwa na fungu kwenye bajeti.

*

Kilimbazi iko juu milimani, ng'ambo ya Mto Lumbwe. Hospitali iko mjini, upande wa pili wa mto. Huku juu tuna zahanati yenye nesi mmoja, Zawena, ambaye ni dada wa mke wangu Mkunde. Mzazi akishindikana zahanati, hulazwa kwenye machela, wanaume wanne huweka miti mabegani, wakateremka naye hadi darajani, wakavuka, wakampandisha mpaka hospitali. Kazi hiyo hufanywa na majirani walewale kila mara, kwa sababu ndio wenye mabega yaliyozoea.

Mke wangu alishuka hivyo kwa mimba yetu ya kwanza. Mtoto alizaliwa njiani, kabla ya daraja, na hakulia. Tulimzika kule juu, nyuma ya nyumba. Wiki hiyohiyo ilinibidi nisome hotuba ya kumshukuru Mtukufu Mlezi kwa huduma bora za uzazi, maana ilikuwa kwenye ratiba, na nakumbuka sauti haikutaka kutoka. Wakubwa wangu waliandika kwamba nilizidiwa na furaha.

Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba Kilimbazi itapata pikapu ya kubebea wagonjwa, na Mkunde akiwa na mimba ya pili, nilifurahi kwelikweli, tena nje ya saa za kazi. Nilihesabu kwamba gari litafika kabla ya mtoto. Sikujua kwamba gari lina nyuma.

*

Pikapu, msomaji, huja za namna mbili. Kuna singo, yenye tairi moja kila upande wa nyuma. Kuna dabo, yenye tairi mbili mbili zilizobanana kila upande, na madigadi yake, yale mabati ya kufunika tairi, yamevimba kwa nje kama makalio. Dereva yeyote wa Gombere atakwambia tofauti kabla chai yake haijapoa. Ukibeba mizigo mizito kwenye lami ndefu, chukua dabo. Gari linatulia, na tairi moja ikipasuka, mwenzake anakufikisha. Ukiishi kwenye matope na njia nyembamba, chukua singo. Dabo itakula tairi, itabana mawe katikati, na itakuwa pana mno.

Wizara ilipolisikia jibu hilo iliona ni fupi sana kuwa jibu la taifa. Jibu fupi halina vikao, na vikao ndivyo vyenye posho. Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Nyuma, chini ya Mheshimiwa Kalinjuma, Waziri wa Magurudumu na Vitu vya Mviringo. Kamati ikasafiri ng'ambo kujifunza. Wakarudi na picha nyingi, na katika kila picha mheshimiwa mmoja amechuchumaa nyuma ya gari la mtu asiyemjua, anatazama chini kwa makini. Inasemekana katika mji mmoja, wenye magari waliita polisi.

Lakini nisiwasingizie uvivu. Kamati ilikabiliwa na hatari ya kweli, na hatari yenyewe ilitokana na mila yetu ya kukalia.

Gombere hakuna kitu cha serikali kinachoanza kazi kabla Mtukufu Mlezi hajakikalia. Shule mpya ikijengwa, hukalia madawati, na yale yaliyosalimika hutumika hadi leo. Choo cha soko kuu alikizindua yeye mwenyewe, bendi ikipiga nje kwa muda wote uliohitajika. Mochwari ya mkoa ilikamilika zamani, ina mlango mzuri, lakini bado haijafunguliwa, kwa sababu hajapatikana mtu wa kumpelekea Mtukufu mwaliko.

Sasa, uzito wa Mtukufu Mlezi ni siri ya nchi. Kwa mujibu wa sheria, mizani zote za Gombere huishia kilo tisini, na wauza mahindi hulazimika kugawa gunia mara mbili ndipo wapime. Hapo ndipo Kamati iliponasa. Mjumbe akisema dabo, amesema kwamba Mtukufu ni mzito, na huo ni uhaini. Akisema singo, amesema kwamba usalama wa Mtukufu si kitu, na huo nao ni uhaini, ila una kifungu chake tofauti. Wajumbe wakajifunza kuzungumza saa nzima kuhusu tairi bila kutaja idadi. Mmoja alipendekeza gari lisiwe na nyuma kabisa. Pendekezo hilo lilipigiwa makofi na kuundiwa kamati ndogo.

*

Walipokwama kabisa wakakumbuka wananchi. Kamati ikaja kukusanya maoni, ikapigiwa mahema upande wa mjini wa mto, kwa sababu viatu vyao havikuwa vya kuvuka. Sisi watu wa Kilimbazi tukateremka wote kuwafuata.

Nataka niseme wazi kwamba siku hiyo hakuna aliyetulazimisha kitu. Milima ya jirani zetu wa Ngaramo ilikuwa imepewa singo miaka ya nyuma, na wale watu walikuwa hawatupi nafasi ya kupumua. Hata msibani walikuwa wanaitaja. Kwa hiyo tulipoulizwa, mkutano mzima ulisema dabo. Watu ambao hawajawahi kumiliki hata baiskeli waliinuka wakaeleza ubora wa dabo mpaka jasho likawatoka. Shemeji yangu Zawena aliinua mikono yote miwili, akasema dabo itabeba wazazi wawili kwa safari moja. Mimi niliinua wangu, nikafikiria sura za watu wa Ngaramo, nikainua na wa pili. Mkunde peke yake hakuja, kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Alituma ujumbe kwamba yeye anataka gari lenye usukani.

Na daraja je? Daraja tulilivuka kwenda, tukalivuka kurudi. Ni la zamani, lilijengwa na watu waliokuwa na punda tu, lina ukuta wa mawe kila upande, na tumelivuka kwa miguu maisha yetu yote. Kwa miguu linatosha kabisa. Tulirudi nyumbani tukiimba.

Kamati ilipopata maoni yetu ndipo ikazidi kuchanganyikiwa, maana wananchi walikuwa wametoa jibu. Mtu asiyejua kitu akijibu, Wizara hucheka. Wilaya nzima ikijibu, inabidi watu wakubwa walale na wazo. Mheshimiwa Kalinjuma alilala nalo, na alipoamka alikwenda redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "baada ya tafakuri nzito na ya kina, serikali yenu sikivu imeamua kwamba pikapu ya Kilimbazi itakuwa na tairi mbili upande wa kulia na tairi moja upande wa kushoto. Mtukufu Mlezi atakaa kulia, kwa ajili ya usalama wake. Kushoto kutabaki singo, kwa ajili ya heshima yake. Kwa namna hii tumejenga umoja wa kitaifa mahali ambapo nchi nyingine zina ekseli tu."

Wasikilizaji walipiga simu redioni wakilia kwa fahari. Wachache waliouliza swali walishukuriwa kwa kunyamaza, na wakanyamaza.

*

Gari likatengenezwa. Likisimama tupu liliinamia upande wa kushoto, mithili ya mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani ukutani. Wizara ikaeleza kwamba hilo si kuinama, ni kusubiri. Mtukufu akikaa kulia litanyooka.

Mimi nilikuwa nimekwisha kusoma shukrani ya gari hilo miezi mingi nyuma. Kwa hiyo kiserikali lilikuwa kwetu tayari, na lilikuwa likifanya kazi nzuri. Turubai la machela lilipochanika, Zawena aliomba jingine akajibiwa kwamba wilaya yenye pikapu haina machela. Alilishona kwa uzi wa vidonda, na machela yenyewe akaificha shambani kwenye migomba, ili mkaguzi akija asiikute ikifanya uhaini. Watu wanne wenye mabega walikuwa wanajua ilipo.

Siku ya uzinduzi ikapangwa. Usiniulize kwa nini ilibidi iwe siku ileile. Asubuhi nilimwacha Mkunde anapika uji, anasema mgongo unamuuma kidogo. Nilitaka kubaki. Alinitazama nilivyovaa suti, hotuba mkononi, akaniambia niende nikalete gari.

*

Mpango ulikuwa hivi. Mtukufu Mlezi angepanda garini upande wa mjini, angevuka daraja akiwa amekaa, na kutukabidhi gari upande wetu, ambako wananchi walikuwa wamejipanga na matawi. Nyuma ya pikapu kilifungwa kiti chake kwa bolti, upande wa kulia. Waziri Kalinjuma alipewa kigoda upande wa kushoto. Mimi nilisimama katikati na kipaza sauti, na spika ilikuwa juu ya kichwa cha gari. Bendi ilifuata kwa miguu, walinzi wakafuata bendi.

Mtukufu alipokaa, gari lilinyooka kama Wizara ilivyosema. Halafu likaendelea. Lililalia kulia, madigadi ile pana ikashuka ikasogea na nje kidogo, na dereva akaingia darajani.

Katikati ya daraja tulisikia sauti ya bati likibishana na jiwe. Gari likasimama. Dereva akasogeza mbele, akasogeza nyuma, tairi zikatoa moshi, madigadi ya kulia ikazidi kujichimbia kwenye ukuta. Kushoto nako hakukubaki nafasi ya kupitisha paka. Waziri Kalinjuma alimweleza Mtukufu Mlezi kwamba gari limesimama kutoa heshima kwa mto. Mtukufu akaupungia mto mkono.

Ndipo nikaona kule mbele, upande wetu, watu wenye matawi wanapisha njia. Walikuwa wanakuja wanne, wameinamisha vichwa, hatua moja. Machela. Mbele yao Zawena, kitambaa kimemtoka kichwani. Sikuhitaji kuambiwa ni nani, kwa sababu kanga iliyomfunika mgonjwa niliinunua mimi.

Walifika hadi kwenye boneti wakasimama. Hapakuwa na pa kupita. Mto ulikuwa umejaa, na lango pekee la kwenda mjini lilikuwa limezibwa na gari letu la wagonjwa. Wangeweza kumpitisha Mkunde juu kwa juu, boneti, kichwa cha gari, hadi nyuma, lakini nyuma pamekaa kiti, na juu ya kiti pamekaa taifa.

Zawena hakusalimia mtu. Alinitazama mimi tu.

"Shemeji, mtoto amekingama tumboni, mkono umetangulia," alisema. "Nikikaa naye hapa nawapoteza wote wawili."

Nilimgeukia ofisa wa itifaki aliyesimama chini, nyuma ya gari, nikamnong'oneza. Yule bwana alinijibu kwa upole kwamba ukaaji rasmi haukatishwi. Mgeni rasmi akishakaa, huinuka baada ya shukrani kusomwa, si kabla, na hata hapo huinuka kwa hiari yake. Akanikumbusha kwamba shukrani yangu ina kurasa nyingi na redio inasubiri.

Niliitazama hotuba. Niliiandika mwenyewe. Ukurasa wa kwanza ulikuwa unamshukuru kwa milima. Nikamtazama Mkunde, alikuwa ameuma pindo la kanga, macho yamefumba, na hakuwa analia. Ile mara ya kwanza alilia. Nikaogopa kuliko nilivyopata kuogopa, na sikuwa naogopa kifungu chochote cha sheria. Nilizikunja zile karatasi nikazitia mfukoni, nikawasha kipaza sauti.

"Mtukufu Mlezi," nikasema, na sauti ikarudi kutoka milimani. "Sisi wananchi wa Kilimbazi tunakushukuru kwa kuinuka kwenye kiti chako, ukateremka garini kwa miguu yako mwenyewe, ukampisha mzazi anayekwenda hospitali."

Nilisikia maji chini ya daraja.

Kisha Waziri Kalinjuma akapiga makofi. Sidhani kama alikuwa amesikiliza. Kwa miaka mingi yule mtu amekuwa akipiga makofi kila nikifika nukta, na mikono yake ilikwisha kuzoea kufanya kazi bila yeye. Bendi ilipomwona Waziri anapiga, ikapiga. Watu wenye matawi walipoisikia bendi wakashangilia, na redio ikarusha shangwe hiyo nchi nzima, kila soko na kila kinyozi. Ilikuwa imekwisha kufanyika. Shukrani hairudi.

Mtukufu Mlezi alinigeukia. Picha yake nimeiona kila ukuta tangu nizaliwe, na sikuwahi kufikiria kwamba yale macho yanazunguka. Alisogeza kipaza sauti pembeni kwa kidole kimoja.

"Nani huyo mzazi?"

"Mke wangu, Mtukufu."

Akatazama boneti, akatazama mto, akatazama Waziri wake ambaye alikuwa bado anapiga makofi.

"Nishikeni," akasema.

*

Walinzi walimpokea kwa nyuma, mmoja baada ya mwingine. Na alipoachia bati, mguu wa pili ulipogusa daraja, gari liliinuka.

Ningependa kuwa na lugha ya kiserikali ya kueleza jambo hilo, lakini sina. Springi zililia. Chesesi ikapanda. Upande wa kulia ukanyanyuka taratibu, ukaendelea kunyanyuka wakati sisi sote tulidhani sasa umefika, ukanyanyuka tena, na madigadi ikaachana na ukuta ikabaki inaning'inia hewani. Bendi ilinyamaza katikati ya wimbo wa taifa. Siri ya nchi ilikuwa imepimwa mchana kweupe, na daraja zima limeiona. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyejua atazame wapi, kwa hiyo tulitazama gari.

Zawena ndiye pekee ambaye hakuwa na nafasi ya kushangaa. Wale wanne walipanda boneti, wakampitisha Mkunde juu ya kichwa cha gari, nikampokea mimi, tukamlaza kushoto. Gari likaanza kuinama upande wake. Zawena akamwonyesha Waziri kile kiti kilichobaki wazi.

"Wewe, kaa pale, tusilale upande."

Mheshimiwa Kalinjuma alikitazama kiti cha Mtukufu Mlezi. Akanitazama mimi, akatazama mgonjwa, akafumba macho akakaa. Gari likanyooka. Dereva akarudi nyuma kuelekea mjini, na kwa kuwa Mtukufu Mlezi na walinzi na bendi walikuwa bado darajani nyuma yetu, ilibidi nao watangulie. Taifa zima lilikwenda mbio ndogondogo mbele ya nyuma ya gari. Dereva, kwa heshima, alipiga honi mara moja tu.

Hospitali walimpasua. Mtoto alitoka wa kike, na alilia. Nililia na mimi, na wala sikulitolea maelezo. Muuguzi alimweka kwenye mizani ndogo, akasema kwa sauti, mlango ukiwa wazi, kwamba ana kilo tatu na nusu. Nilishtuka nikageuka kuona kama kuna mtu amesikia. Hakuna aliyejali. Kumbe Gombere mtu anaweza kutajwa uzito wake na asifungwe mtu, ila lazima awe mdogo sana.

*

Uchunguzi ulifanyika. Kamati ya Taifa ya Nyuma ilipewa jukumu hilo kwa kuwa ilikuwa na uzoefu. Walituita mmoja mmoja kutuuliza tuliona nini kikiinuka. Mimi nilisema nilikuwa namtazama mke wangu. Zawena alisema alikuwa anatazama mkono wa mtoto. Mwishowe Kamati ilitoa taarifa kwamba gari halikuinuka hata kidogo. Ni daraja ndilo lililoshuka, baada ya kukanyagwa na Mtukufu, kwa unyenyekevu. Daraja limefunguliwa mashitaka ya kushuka bila kibali. Limefungwa kwa utepe mwekundu mpaka kesi isikilizwe, na tunavuka kwa kuunyanyua utepe.

Mheshimiwa Kalinjuma, kwa kosa la kukalia kiti, alipelekwa ubalozini katika nchi ya barafu isiyo na barabara. Pikapu ilirudishwa makao makuu ili Kamati iamue iongeze tairi moja kushoto au ipunguze moja kulia. Wamekwenda tena ng'ambo kutazama. Mimi niliachishwa kazi, jambo ambalo nililitarajia.

Jambo ambalo hakuna aliyelitarajia ni redio. Nchi nzima ilikuwa imesikia mtu akimshukuru Mtukufu Mlezi kwa jambo ambalo hajalifanya wala hajaliahidi, na akalifanya. Wiki iliyofuata watu wa Ngaramo, ambao sitaki kuwasifu, walikusanyika wakamshukuru kwa walimu aliowapelekea. Walimu wakapelekwa. Wauza mahindi walimshukuru kwa mizani inayofika gunia. Kisha mji mmoja wa kusini, akina mama watupu, wakamshukuru hewani kwa kuwaachilia watoto wao waliokuwa wamefungwa bila kesi, wakawataja kwa majina, jina baada ya jina. Wakaachiliwa. Shukrani hairudi.

Serikali iliona nchi inakwisha. Ikavunja idara yangu na kupiga marufuku shukrani za aina zote, za mdomo na za maandishi. Leo hii Gombere kusema asante ni kosa la jinai. Jirani akikupa chumvi unamwambia "nimeona," naye anajibu "na mimi nimeona," mnaachana. Watoto shuleni wanafundishwa hivyo, na baada ya muda utazoea.

Mkunde aliporudi nyumbani, wale wanaume wanne walikuja kumtazama mtoto. Walikaa kwenye mkeka, wakanywa chai, wakambeba kwa zamu kwa mikono yao mikubwa, wakiogopa kumwangusha, wao ambao hawajamwangusha mtu. Machela ilikuwa imerudi kwenye migomba. Walipotaka kuondoka, mke wangu alisimama, akaniomba nifunge mlango. Akachungulia dirishani upande huu na upande ule. Kisha akawageukia.

"Asanteni," akasema, kwa sauti ya chini.

Na wao walitazama mlango kwanza, ndipo wakalipokea. Hakuna bendi iliyopiga. Nimelisoma neno hilo maisha yangu yote kwa mshahara, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nililisikia likija baada ya kitu chenyewe.